Kuhama Brauza: Faida, Hasara na Vitu vya Kucheki Kabla Hujafuta ya Zamani

Sema ukweli. Hiyo brauza unatumia saa hii, uliichagua ama uliikuta kwa simu? Wengi wetu huku Likoni, Kisauni na Changamwe tuliikuta. Unanunua simu, unaweka laini, unabonyeza ile alama iko mbele na maisha yanasonga. Halafu siku moja mko kwa matatu, beshte anacheki skrini yako na kukuchekea: "Manze, bado uko na hiyo? Inamaliza bando. Kuja huku kwangu."

Unahama. Wiki moja baadaye paswadi zako zote zimebaki kule ulikotoka, fomu ya maana haifunguki, na bando bado inaisha Jumatano kama kawaida.

Brauza ni ile apu unafungulia tovuti: Chrome, Opera Mini, Firefox, Phoenix, Brave na wenzao. Kuhama ni bure na inachukua dakika 2. Kuhama vizuri ndiyo kazi. Hapa tumekuwekea faida, hasara na hatua zote, uamue ukiwa na rada.

Kwa kifupi kama huna time

- Kama shida yako ni bando, anza kwa kucheki ni apu gani inaikula. Mara nyingi mwizi si brauza.
- Kama shida yako ni matangazo yanayokurukia, Firefox au Brave zitakusaidia.
- Kama simu ni nzee na memori imejaa, brauza nyepesi itakupa pumzi.
- Kwa mambo ya pesa, serikali, shule na kazi, tumia brauza kamili iliyoapdetiwa. Hii usibishane nayo.
- Hulazimiki kuchagua moja. Unaweza kuweka 2, kila moja na kazi yake.

Kwanza, kweli ni brauza inakula bando?

Ingia setingi za simu, sehemu ya mtandao na intaneti, kisha matumizi ya data. Simu itakupangia apu zako kuanzia ile yenye njaa zaidi. Usishangae ukikuta TikTok iko juu kabisa, YouTube inafuata, WhatsApp nyuma yao, na brauza imejikalia chini kimya.

Tupige hesabu ya mfano. Tuseme mwezi jana ulichoma GB 4: TikTok GB 2, YouTube GB 1, WhatsApp MB 700, brauza MB 300. Ukihamia brauza inayobana data hadi nusu, umeokoa MB 150 mwezi mzima. Ukishusha ubora wa video YouTube hadi 360p na uzime video kujicheza zenyewe, hizo MB 150 unaweza kuzirudisha jioni moja tu. Brauza haina mamlaka juu ya apu zingine. Inabana kile kinachopita ndani yake peke yake.

Na bei yenyewe ya bando ina mambo mengine ndani. Ushuru wa bidhaa kwa data ulipanda hadi asilimia 20 mwaka 2021, kisha Sheria ya Fedha ya 2023 ikaushusha hadi asilimia 15. Hakuna brauza inayokuondolea hiyo.

Pia usihame kwa hasira siku neti imelala. Mei 12, 2024, nyaya 2 za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika upande wa Afrika Kusini, na neti ikaanza kutambaa Kenya, Tanzania na nchi zingine za huku. Ucheke ama ulie, hizo nyaya zinatua hapa hapa kwetu Mombasa. Seacom ilifika 2009, mwaka ule ule na TEAMS. Siku kama hiyo hata ubadilishe brauza mara 10, utazunguka tu kama tuktuk imekosa abiria.

Brauza ya kubana data inafanyaje kazi

Fikiria uko Likoni na unataka mboga za Kongowea. Njia ya kwanza: unavuka feri mwenyewe, unapanda matatu, unafika soko, unachagua, unabeba gunia zima na majani yake. Hiyo ndiyo brauza ya kawaida. Inaenda hadi kwa tovuti yenyewe na kuleta kila kitu.

Njia ya pili: unamtuma mtu. Anafika soko kwa niaba yako, anakata majani, anatupa yaliyooza, anafunga kifurushi kidogo na kukuletea. Hiyo ndiyo Opera Mini ikiwa kwa ile hali ya kubana zaidi. Simu yako haiendi kwa tovuti. Inatuma ombi kwa seva za Opera, seva inafungua tovuti, inakamua picha, inapunguza uzito, kisha inakutumia kifurushi. Opera hutangaza kwamba unaweza kuokoa hadi asilimia 90 ya data. Neno "hadi" ulisome vizuri: ukurasa wa maandishi na picha unabanika sana, video haibaniki hivyo.

Sasa, kila faida ya kutuma mtu ina gharama yake, na ziko 2.

Ya kwanza, uliyemtuma anaona ulichonunua. Ili seva ibane ukurasa, lazima iufungue na kuusoma. Opera wenyewe wamewahi kueleza wazi kwamba kwa njia hiyo ya seva, ulinzi hautoki moja kwa moja kwa simu yako hadi kwa tovuti, na kwamba anayetaka ulinzi kamili atumie brauza kamili. Kwa kusoma matokeo ya mechi haina noma. Kwa akaunti ya benki, hapo fikiria mara mbili.

Ya pili, unaletewa mboga, huletewi soko. Tovuti za siku hizi zina vitufe, menyu na fomu zinazofanya kazi ndani ya simu yako wakati unazijaza. Ukurasa ukishakamuliwa, baadhi ya hivyo vitu vinakufa. Kitufe kinaonekana, unakibonyeza, na hakuna kitu kinatendeka. Mbaya zaidi, wakati mwingine unadhani kimetendeka.

Hii ilinipata mimi

Nilikuwa mwaka wa pili chuo, nimepanga chumba Likoni, na karo ilikuwa imenishika koo. Kukatokea basari ya kuomba mtandaoni, mwisho saa sita usiku. Nilikuwa na bando ya mbao na brauza yangu ya kubana data, ile niliyokuwa najisifu nayo kwamba haimalizi MB. Nikajaza fomu yote. Nikaweka kitambulisho, nikaweka barua ya chuo, nikabonyeza kitufe cha kutuma. Ukurasa ukarudi juu. Mimi nikajua imeenda. Nikampigia mamangu usiku huo huo nikamwambia alale, mambo imejipa.

Majina yalipotoka, langu halikuwepo. Nilipofuatilia, fomu haikuwahi kufika. Sikuwa na SMS, sikuwa na namba ya kumbukumbu, sikuwa na chochote cha kuonyesha. Na ukweli ni kwamba hakuna mtu alinikosea. Ukurasa haukuniambia imefika. Ni mimi nilijiambia.

Muhula uliofuata sikurudi. Sitakudanganya eti niliacha chuo sababu ya brauza, karo ilikuwa inanisumbua tangu mwanzo. Lakini ile fomu ilikuwa mlango mmoja, na niliufunga kwa mkono wangu nikijaribu kuokoa mbao.

Ndiyo maana hii stori naiandika kwa urefu. Kama hutabeba kitu kingine hapa, beba hiki: fomu isiyokupa namba ya kumbukumbu, SMS ama barua pepe ya kuthibitisha, ihesabu kwamba haijaenda. Fungua brauza nyingine, ingia tena, cheki.

Faida za kuhama

*Kupumua kwa simu.* Chrome ikikaa muda mrefu inaweza kufikisha mamia ya MB kwa simu, ukihesabu na akiba ya kurasa inazoweka. Kwa simu ya memori ndogo, hiyo ni nafasi ya picha na nyimbo. Brauza nyepesi inafunguka haraka na haigandishi simu.

*Matangazo kupungua.* Wewe unayetafuta linki za mechi Jumamosi unaijua hii. Unabonyeza kucheza, unarushwa kwa tovuti ya kamari, unarudi, unaambiwa simu ina virusi 13. Brauza yenye kizuizi cha matangazo inafyeka mengi ya hayo, na kwa sababu hayapakuliwi, bando pia inapona kidogo. Tukiwa wakweli, tovuti kama hizi zetu zinalipwa na matangazo, kwa hivyo nakupa siri inayoniuma mfukoni. Ukiwa na tovuti unayoipenda, iruhusu kwa setingi za kizuizi.

*Kufuatwa kidogo.* Umetafuta kiatu mara moja, kiatu kinakufuata mwezi mzima kila tovuti unayoenda. Firefox na Brave zinakuja tayari zikiwa na kinga ya kupunguza huko kufuatwa. Hazikufanyi usionekane, lakini zinapunguza wanaokuchungulia.

*Usalama, kama ya sasa imezeeka.* Brauza isiyoapdetiwa ni mlango wenye kitasa kibovu. Chrome toleo la 120, lililotoka Desemba 2023, lilihitaji Android 8 kwenda juu. Mwaka 2025 Google ikatangaza kwamba toleo la 138 ndilo la mwisho kwa Android 8 na 9. Kama simu yako iko chini ya hapo, Chrome bado inafunguka lakini imesimama kukua. Cheki toleo la Android kwa setingi, sehemu ya kuhusu simu. Kukiwa na brauza nyingine inayoapdetiwa kwa toleo lako, hiyo ni sababu tosha ya kuhama.

Hasara za kuhama

*Paswadi kubaki nyuma.* Hii ndiyo inaumiza wengi. Miaka 3 brauza imekuwa ikikukumbukia paswadi, wewe mwenyewe huzijui tena. Ukifuta brauza ambayo haikuunganishwa na akaunti yoyote, zimeenda na maji. Unaanza kuomba paswadi mpya, namba ya kuthibitisha inatumwa kwa laini ulitupa 2022. Hapo ndipo utajua hujui.

*Tovuti zingine kugoma.* Watengenezaji wengi wa tovuti hujaribu kazi yao kwa Chrome kwanza. Ukiwa na brauza nyingine, mara moja moja utakuta kitu kimekaa upande ama hakibonyezeki.

*Kelele mpya.* Brauza nyingi za bure zinakuletea habari, udaku na arifa hata hujaomba. Picha za hizo habari zinatumia data. Unaweza kuhama kuokoa bando na ukajikuta unalisha ukurasa wa habari usiousoma.

*Kuhama bila kuhama.* Hii wengi hawaijui. Ukibonyeza linki ukiwa ndani ya TikTok, Facebook ama Instagram, mara nyingi haifunguki kwa brauza yako. Inafunguka kwa brauza ndogo iliyo ndani ya apu hiyo. Agosti 2022 mtafiti Felix Krause alionyesha kwamba brauza ya ndani ya TikTok ilikuwa na uwezo wa kufuatilia unachoandika. TikTok ikajibu kwamba haiutumii uwezo huo kukusanya yanayoandikwa. Vyovyote iwavyo, usiweke paswadi humo. Bonyeza vile vidoti 3 na uchague kufungua kwa brauza yako.

Tuzicheki moja moja

*Chrome.* Ilitoka 2008 na iko kwa karibu kila Android. Faida kubwa ni kwamba tovuti nyingi zinaielewa, na paswadi zinafuata akaunti yako ya Google hata simu ikiibwa Kongowea. Hasara: kwa simu haikubali vijiprogramu vya kuzuia matangazo, ni nzito, na mwenyewe ni Google, anayeishi kwa matangazo. Zamani ilikuwa na hali ya kubana data, lakini Google waliitoa Machi 2022 kwa toleo la 100. Sababu moja waliyotoa ni kwamba bei ya data imeshuka nchi nyingi. Wewe unayenunua bando ya mbao pale Shika Adabu unaweza kuwa na maoni yako kuhusu hiyo.

*Opera Mini.* Ilianza kupatikana dunia nzima Januari 2006, na ndiyo iliyotufungulia intaneti wengi wetu tukiwa na kabambe. Ni nyepesi na inabana kweli. Kampuni ilianzia Norway, biashara ya brauza ikanunuliwa na kundi la wawekezaji wa China 2016, na 2018 ikaingia soko la hisa la Nasdaq kule Marekani. Mwaka huo huo wa 2018 ndio walileta Kenya ile apu ya mikopo ya OKash. Nakuambia hivyo ujue tu kwamba brauza ya bure ni mlango wa biashara ya mtu, kwa hivyo ni vizuri kujua mwenye nyumba ni nani. Tumia kwa kusoma, kutafuta na kucheki skoa. Ukienda kwa fomu, badilisha hali ya kubana ama uhamie brauza kamili.

*Phoenix.* Kama simu yako ni Tecno, Infinix ama itel, kuna uwezekano uliikuta humo. Watu wanaipendea kushusha video na kuokoa stetasi za WhatsApp. Ukiibakisha, zima arifa zake. Kwa mambo ya pesa, mimi singeipa hiyo kazi.

*UC Browser.* Ilikuwa moto sana enzi zile. Ni ya kundi la Alibaba la China. Mwaka 2015 watafiti wa Citizen Lab, Chuo Kikuu cha Toronto, walionyesha ilikuwa ikivujisha taarifa za watumiaji. Juni 2020 India iliipiga marufuku pamoja na apu zingine 58. Kama bado unayo, hiyo ni ya kuhama kweli.

*Firefox.* Ni ya Mozilla, shirika lisilo la kutafuta faida ndilo lenye mali. Toleo la 1.0 lilitoka Novemba 2004. Kwa Android inakubali vijiprogramu vya kuongezea, pamoja na uBlock Origin ya kuzuia matangazo. Hasara: kwa simu ya memori ndogo inaweza kuburuta, na kuna tovuti chache hazikai vizuri.

*Brave.* Inazuia matangazo na wafuatiliaji tangu ukiifungua mara ya kwanza, hakuna cha kuongeza. Chini yake inatumia msingi ule ule wa Chrome, kwa hivyo tovuti nyingi zinaenda fiti. Hasara: itakuletea stori za sarafu za kidijitali na zawadi. Kama hujui hayo mambo, yazime na uendelee na safari.

*Kama uko na iPhone.* Huku kwetu brauza zote za iPhone zinatumia injini moja, WebKit ya Apple. Ukitoka Safari kwenda Chrome umebadilisha rangi na akaunti, injini imebaki ile ile. Hama kwa sababu ya paswadi ama muonekano, lakini usitegemee kasi mpya.

Jinsi ya kuhama bila kulia

1. *Usifute ya zamani.* Weka mpya kando yake, ziishi pamoja wiki 2. Kuhama nyumba hurudishi funguo kabla hujatoa kitanda.

2. *Pakua kwa Play Store ama App Store peke yake.* Faili la apu ulilotumiwa kwa kundi la WhatsApp liache huko huko. Brauza feki inaona kila paswadi unayoandika.

3. *Beba paswadi.* Kama unatoka Chrome, cheki kama zimehifadhiwa kwa akaunti yako ya Google. Zikiwa huko, unaweza kuruhusu kidhibiti cha paswadi cha Google kikujazie hata ukiwa kwa brauza nyingine. Kwa kompyuta unaweza kutoa faili la CSV na kuliingiza kwa brauza mpya. Lakini elewa kwamba hilo faili ni paswadi zako zote zikiwa uchi. Ukimaliza, lifute hapo hapo, na usijitumie kwa WhatsApp.

4. *Cheki namba na barua pepe za akaunti zako.* Ingia kwa kila akaunti ya maana uone kama laini iliyoandikwa ni ile uko nayo leo. Fanya hivi ukiwa bado ndani, kwa brauza ya zamani.

5. *Beba kurasa ulizoweka alama na zile ulizohifadhi.* Zile za kusoma bila neti mara nyingi hazihamishiki. Zisome ama uziandike pembeni.

6. *Jaribu tovuti zako ngumu.* Fungua eCitizen, iTax ya KRA, HELB, KUCCPS, tovuti ya shule na ya kazi. Ingia, fungua fomu, jaribu kupakia faili. Fanya hivyo siku ya kawaida. Marejesho ya KRA mwisho wake ni Juni 30, na mtu binafsi anayechelewa anapigwa faini isiyopungua 2,000, hata kama hana kazi na alitakiwa kuandika sufuri tu. Usiku wa Juni 30 si wakati wa kujifunza brauza mpya.

7. *Zima arifa na habari.* Ingia setingi za brauza mpya, zima ukurasa wa habari, zima arifa. Ukiulizwa na tovuti kama inaweza kukutumia arifa, kataa.

8. *Ifanye ya kawaida.* Kwa setingi za simu, chagua hiyo mpya iwe ndiyo inayofungua linki.

9. *Sasa unaweza kuaga ya zamani.* Toka kwa akaunti zote, futa data yake, kisha iondoe. Kwa Android nyingi Chrome haitoki kabisa, unaizima tu. Mimi ningekushauri uiache na uiapdeti, utaihitaji siku ya fomu.

Na ukiwa saiba?

Wengi wetu mambo mazito tunafanyia saiba, iwe Magongo, Mishomoroni ama pale karibu na feri. Huko brauza si yako, kwa hivyo sheria ni zingine. Fungua hali fiche, ile yenye alama ya kofia na miwani. Ikikuuliza kama ihifadhi paswadi, kataa. Ukimaliza, toka kwa akaunti na ufunge madirisha yote. Faili ulilopakua, cheti ama kitambulisho, lifute mpaka kwa pipa la taka la kompyuta.

Na usielewe vibaya hali fiche. Inaficha historia kwa mtu atakayekalia hicho kiti baada yako. Haikufichi kwa kampuni ya mtandao wala kwa tovuti unayotembelea. Google walishtakiwa Marekani 2020 kuhusu data iliyokusanywa watu wakiwa kwa hali hiyo, na 2024 wakakubali kufuta mabilioni ya rekodi ili kumaliza kesi.

Kumwachia jamaa wa saiba paswadi yako kwa karatasi ili "akumalizie baadaye" ni tabia ya kuacha leo. Kenya ina Sheria ya Kulinda Data tangu 2019, lakini sheria inakuja baada ya maji kumwagika.

Basi, uhame ama ukae?

Kama wewe ni wa kusoma habari, kucheki skoa na kutafuta vitu viwili vitatu, na simu ni ndogo, hamia brauza nyepesi na uishi poa. Kama unafanya kazi mtandaoni, unaandika, unajaza maombi, kaa na brauza kamili na ulipie hizo MB. Kama matangazo yanakutoa roho, jaribu Firefox ama Brave wiki 2. Kama umeridhika na uliyonayo na inaapdetiwa, kaa hapo hapo. Hakuna zawadi ya kuhama.

Mimi siku hizi natumia 2. Ya kubana iko mbele kwa skrini, naisomea kila kitu nikiwa kwa foleni ya feri. Brauza kamili iko ndani, naifungua kwa fomu, pesa na kazi. Na nikibonyeza kutuma, siondoki kwa ukurasa hadi nione namba ya kumbukumbu. Naipiga picha ya skrini, ndipo nampigia mamangu.